Laini ya Simu kwa Waendao Namugongo

Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni wapo kati yetu, hapa Kipalapala na Tabora mjini, wanaofunga safari ya hija kwenda Namugongo. Chakula cha njiani hatusahau. Simu ndiyo hutusumbua.

Laini ya nyumbani ukiitumia Uganda, salio huisha upesi. Nunua ya huko, MTN au Airtel, katika duka la kampuni, ukiwa na pasipoti, maana mgeni husajiliwa kwa hiyo. Ya barabarani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ikatae, hata ikiwa rahisi. Ikizimwa utamdai nani?

Laini ya Tanzania itunze vizuri, ujumbe wa benki huja humo. Kupiga nyumbani anza na +255, ile sifuri ya kwanza uiache.

Sisi wauguzi twaomba zaidi: namba mpya ya kiongozi iandikwe kwenye karatasi, kila mmoja awe nayo mfukoni, hasa wenye kisukari na presha. Mama akipotea katika umati ule, simu imeisha chaji na dawa ziko kwa mwenzake, mpita njia aweza kuisoma karatasi na kupiga.