Huyo si Mtoro, Alitumwa Nyumbani

Wasee, leo tuongee kuhusu neno moja ambalo tunalitumia vibaya sana: utoro.

Ukikosa shule siku tatu, kwenye rejista unawekewa alama ya kukosa na kwenye midomo ya watu unaitwa mtoro. Haijalishi ulikuwa wapi. Lakini kwa Kiswahili mtoro ni mtu aliyekimbia. Sasa niambie, mwanafunzi aliyesimamishwa kwenye paredi Jumatatu asubuhi, jina lake likasomwa mbele ya shule nzima, akaambiwa arudi nyumbani alete karo, huyo amekimbia nini? Huyo hakuhepa. Alitumwa. Na Alhamisi akirudi mikono mitupu, anakuta wenzake wamemaliza mada nzima ya hesabu na yeye hana hata tarehe kwenye daftari.

Maoni yangu ni haya: tukitaka wanafunzi wakae shuleni, tuanze kwa kuacha kuwatoa sisi wenyewe.

Pigeni hesabu nami kidogo. Chukua mwanafunzi anayekaa nje wiki moja tu kila muhula kwa sababu ya karo. Mihula ni 3 kwa mwaka, kwa hivyo amepoteza wiki 3. Kwa miaka 4 ya sekondari ni wiki 12. Hiyo ni kama muhula mzima, msee, umeyeyuka hivi hivi. Halafu anaketi KCSE ileile na yule ambaye hakukosa hata siku moja, na matokeo yakitoka tunamwambia hakutia bidii.

Na usidhani sheria iko upande wa lango. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Inaruhusu malipo mengine yakiidhinishwa na Waziri, lakini papo hapo inasema hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Soma hiyo tena polepole. Sheria hiyohiyo inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya maana kuwa mkosaji. Kwa hivyo mathe anaweza kushtakiwa kwa kutomleta mtoto, ilhali mtoto akiletwa anarudishwa langoni. Aingie wapi sasa?

Najua mwalimu mkuu naye hana raha. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, lakini walimu wakuu wamelia mara nyingi kwamba pesa hizo huchelewa, na zikija haziji zote. Aliyeleta mahindi na maharagwe anataka kulipwa. Stima inataka kulipwa. Sawa. Lakini deni hilo ni la watu wazima. Mtoto wa shule hana mshahara, hana M-Pesa yenye kitu, na barabara ya kurudi nyumbani haina mti unaozaa karo. Ukimtuma, unachopata ni kiti kitupu na deni palepale. Mpigie mzazi simu. Aje, mkae chini, mkubaliane alipe kidogo kidogo. Msaidieni kujaza fomu ya basari kabla tarehe haijapita. Mazungumzo yakiwa magumu, yawe magumu kati ya wakubwa, mtoto akiwa darasani.

Tuje kwa wale wanaochelewa. Shule ya kutwa niliyosoma ilikuwa na utaratibu wake: ukifika baada ya kengele unapiga magoti kwenye kokoto mpaka somo la kwanza liishe, kisha unafagia. Wengi waliochelewa walikuwa wanatoka mbali kwa miguu, au wamewapeleka wadogo zao kwanza. Unajua walijifunza nini? Si kuamka mapema, kwa sababu walikuwa wanaamka mapema kuliko sisi sote. Walijifunza kwamba kuchelewa dakika kumi kunauma kuliko kukosa siku nzima. Ukikosa siku nzima, kesho unasema ulikuwa mgonjwa na yameisha. Kwa hivyo wakifika kwenye kona na kusikia kengele, wanageuka. Shule ilidhani inapigana na kuchelewa, kumbe inatengeneza watu wa kukosa. Na adhabu za viboko zilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, ila ukiuliza wanafunzi wa leo, wengi watakwambia mti bado unajua njia ya darasani.

Halafu kuna tumbo. Hakuna anayesikiliza fizikia saa sita mchana akiwa hajala tangu jana. Nairobi tumeona kitu kinachofanya kazi: Dishi na County, ule mpango wa kaunti na Food4Education ulioanza 2023. Mtoto anagusisha bangili yake, anapata sahani ya moto, mzazi analipa shilingi 5. Tano! Hiyo hata peremende mbili hununui. Unaweza kubishana kuhusu siasa zake upendavyo, lakini mtoto anayejua kuna chakula saa ya lanchi ana sababu ya kuamka ambayo hakuna hotuba ya nidhamu inayoweza kumpa. Swali langu ni kwa nini hesabu hiyo inaishia kwa watoto wadogo, kana kwamba ukiingia sekondari tumbo linafunga duka.

Na wasichana? Tangu 2017 sheria inasema kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe pedi bure. Kwenye karatasi. Mtaani bado kuna dada anayekaa nyumbani siku tatu kila mwezi kwa sababu pakiti haikufika, au ilifika lakini choo cha shule hakina maji wala kitasa. Akirudi anaulizwa mbele ya darasa zima alikuwa wapi. Ajibu nini, wavulana wakisubiri kucheka? Atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa utukutu.

Najua kuna mtu anasema, "Wewe unawatetea tu, wengine wanahepa kweli." Ni kweli, wako. Kuna wanaoshinda kwenye vibanda vya gemu na wanaobeti na nauli. Kuna anayeendesha boda ya mtu kwa sababu jioni anarudi na mia mbili mkononi, na hiyo mia mbili inanunua unga. Lakini hata hao, uliza wanakimbia nini. Wengi walianza kwa kuwepo bila kuwepo: mwili uko kwenye dawati, akili iko steji. Darasa lina watu wengi mpaka mwalimu hajui jina lako. Uliwahi kuuliza swali mkachekwa, ukaapa hutauliza tena. Ukikaa hivyo miezi sita, kukosa siku moja hakuonekani kama hasara, na kukosa mwaka ni siku moja iliyorudiwa.

Ndiyo maana napenda kipande kimoja cha ile sheria ya 2013 ambacho watu hawakitaji. Inasema mwanafunzi asipohudhuria, mwalimu mkuu achunguze sababu. Akiona hakuna sababu ya maana, ndipo amwandikie mzazi na kupeleka ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Yaani hatua ya kwanza ni kuuliza kwa nini. Kiboko, magoti na kufagia havimo popote kwenye mpangilio huo.

Tungeanza na vitu vidogo. Rejista iseme ukweli: huyu alitumwa karo, huyu mgonjwa, huyu hatujui aliko. Wale wa "hatujui aliko", siku ya tatu mtu apige simu au afike nyumbani. Lango lisifungiwe aliyechelewa. Aingie, asome, sababu iulizwe saa ya mapumziko, faraghani. Mwalimu wa darasa abadilishe sentensi moja tu. Nilikuwa na mwalimu wa Kiswahili ambaye ukirudi hakuanza na "Ulikuwa wapi?" Alisema, "Jana tulikukosa. Kuna nini?" Ni maneno machache, lakini mtu anayekosewa hivyo anajua ana nafasi yake pale. Kipindi chake kilikuwa kinajaa hata Ijumaa mchana, na sisi hatukuwa malaika.

Sasa niseme na wewe ambaye bado uko shule, kwa sababu kuna kazi ambayo hakuna wizara itakufanyia. Wewe ndiye unayejua. Unajua nani hajaonekana tangu juzi, na mara nyingi unajua kwa nini, kabla ya mwalimu, na kabla ya chifu kusikia. Mpigie. Piga picha noti zako umtumie. Hana simu? Pitia kwao jioni na daftari. Akirudi, mwekee nafasi na umwonyeshe mlipofika, bila kelele na bila kumfanya maonyesho. Na yule mjuaji wa nyuma anayemwita mtoro, mwambie anyamaze.

Watu hawaachi shule siku moja kwa kishindo. Wanaachia kidogo kidogo: Jumatatu moja, wiki moja, kisha wanaona aibu kurudi kwa sababu wamekaa nje sana. Kuna siku fulani katikati hapo ambapo simu moja ingetosha. Kama leo kuna kiti kitupu karibu na chako, huenda siku yenyewe ni hii.