Akiba ya umeme iko Usangu

Tukitaja nishati ya umeme, wengi hufikiria gesi ya Songo Songo na Mtwara inayochomwa Kinyerezi na Ubungo. Kwetu Iringa kinachozungusha mitambo ni maji, na maji hayo hayaanzii bwawani. Mto Ruaha Mkuu hukusanya mito ya Mbeya na Njombe katika bonde la Usangu, hupita katika Hifadhi ya Ruaha, kisha hujaza Mtera, kituo cha megawati 80. Maji yaleyale huteremka hadi Kidatu kufua megawati 204 nyingine. Kwa hiyo lita inayopotea Usangu hupotea mara mbili. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi hiyo.

Wapo watakaosema Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limemaliza hoja. Halijaimaliza: Ruaha Mkuu ni tawi la Rufiji, mto lilikojengwa bwawa hilo, na Mto Kilombero, unaolilisha zaidi bwawa hilo, nao hupokea maji ya Udzungwa na nyanda zetu. Hoja ya mpunga wa Mbarali, unaomwagiliwa kwa maji ya Usangu, ni nzito zaidi, maana watu hawali umeme. Lakini tatizo kubwa ni mifereji inayoendelea kuchota maji hata baada ya mavuno. Basi sehemu ya mapato ya umeme irudi huku juu ijenge mageti yanayofungika na kuwalipa wanaoyasimamia. Badala yake, kuhamisha watu ndiko serikali hukimbilia. Wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhioevu ya Usangu, mwaka 2006, na mto ukaendelea kukauka.