Zilizoishia Namba 11

Mwezi huu tuongelee muvi za kutisha. Usifunue ukurasa, tafadhali, nina sababu zangu za kuzileta huku kwenye mambo ya mapenzi.

Kila mpenzi wa muvi ana kumi bora yake ya kutisha, na ukizikusanya zote utakuta majina ni yale yale: Psycho ya mwaka 1960, The Exorcist ya 1973, Halloween ya 1978, The Shining ya 1980. Sina ugomvi nazo, zinastahili. Ila hebu tazama hesabu yenyewe inavyokwenda. Watu 100 wanaulizwa, kila mmoja anataja muvi 10, kura zinajumlishwa. Muvi ambayo wote 100 wanaipenda lakini kila mmoja kaiweka ya 11, inatoka na sifuri. Nyingine ambayo watu 15 wanaizimikia na 85 hawana habari nayo, inapata kura 15 na kuipita hivi hivi. Kwa hiyo kukosa kumi bora siyo kufeli, bana.

Tena hata kuwahi hakusaidii. Black Christmas ilitoka mwaka 1974, wasichana wa chuo wanapigiwa simu za vitisho na anayepiga yumo humo humo ndani ya nyumba yao. Miaka 4 baadaye ikaja Halloween, ikabeba sifa zote.

Sasa nimegundua kitu kuhusu hizi zinazokosa chupuchupu. Nyingi za juu zina kitu cha kukimbia: mwanaume mwenye kisu, shetani ndani ya mtoto. Hizi za namba 11 mara nyingi mzimu unaanzia kwenye jambo ambalo watu wa nyumba moja hawajaambiana. Ndiyo maana leo nawapa nne, kwa ajili yenu mliooana na mnaotarajia.

The Changeling (1980)

Bahati mbaya yake ni kutoka mwaka mmoja na The Shining. Zote mbili zina jengo kubwa lenye siri, na Jack Nicholson na shoka lake wakamaliza maneno yote mjini. Huku stelingi ni George C. Scott, mtunzi wa muziki ambaye mwanzoni kabisa mwa muvi anamwona mkewe na binti yake wakifa kwenye barabara yenye theluji. Anahamia Seattle, anapanga jumba la zamani, peke yake. Siku moja kimpira cha marehemu binti yake kinashuka ngazi kikidunda. Anakichukua, anaendesha gari hadi darajani, anakitupa mtoni. Anarudi nyumbani, anafungua mlango, na kimpira kinashuka tena ngazi, kimelowa maji.

Basi. Hakuna damu hapo, lakini nakuhakikishia utapandisha miguu kwenye kochi. Martin Scorsese mwenyewe aliitaja mwaka 2009 kati ya muvi 11 zinazomtisha kuliko zote. Na kwa faida ya wapenzi: yule mama anayemsaidia Scott kuchunguza nyumba ni Trish Van Devere, mkewe wa ndoa kabisa.

Niwape na la kwangu. Mume wangu alifiwa na mdogo wake, na kwa miezi mingi jina lile halikutajwa nyumbani kwetu. Ukilikaribia anaamka kwenda kunywa maji. Tulipofika kwenye kile kimpira akasimamisha muvi, akakaa kimya, halafu akasema, "Mke wangu, viatu vya mpira vya mdogo wangu bado vimo kwenye buti la gari. Nashindwa kuvitoa." Tuliongea mpaka saa nane za usiku. Muvi tukaimalizia kesho yake, na viatu tukavipeleka kwa mama mkwe.

The Others (2001)

Hii ilikuja miaka miwili baada ya The Sixth Sense, watu wakaona kama wameshakula chakula hicho. Wamekosa. Alejandro Amenábar, Mspanya, anatupeleka kisiwa cha Jersey mwaka 1945. Nicole Kidman ni mama wa watoto wawili ambao mwanga wa jua unawadhuru, kwa hiyo mapazia hayafunguliwi, na hakuna mlango unaofunguliwa mpaka wa nyuma ufungwe kwa ufunguo. Mumewe alikwenda vitani hakurudi. Halafu siku moja anatokea kwenye ukungu, anaingia ndani, analala kitandani mwake, na bado hayupo.

Simulizi siimalizii, nisije nikachukiwa. Ila wewe ambaye mwenzako anarudi kazini kila siku saa moja jioni na unakula na mwili tu, sehemu hiyo itakugusa. Hispania waliipa tuzo 8 za Goya, ikiwemo ya filamu bora, na ndani yake hakuna anayezungumza Kihispania.

Dark Water (2002)

Hideo Nakata wa Japani alishatengeneza Ringu mwaka 1998, ile ya mkanda wa video unaoua, na kila anapotajwa watu wanataja hiyo. Mimi nachukua hii. Mama aliyeachana na mumewe anagombania mtoto wao wa kike. Hana pesa nyingi, anapanga kwenye jengo lililochakaa, na juu ya kitanda dari linavuja. Wapangaji wenzangu, haya tunayajua: unamwambia msimamizi, anasema ataangalia, doa linazidi kupanuka. Tofauti ni kwamba hapa maji yanaambatana na kimkoba chekundu cha mtoto ambacho kikitupwa kinarudi.

Kinachouma ni kwamba mama huyu hawezi kupiga kelele. Akisema anaona mambo ya ajabu, yule mume atasema mahakamani kwamba hana akili timamu, na mtoto ataondoka. Kama uko kwenye malezi ya pande mbili, iangalie ukiwa umetulia. Wamarekani waliirudia mwaka 2005 na Jennifer Connelly, lakini anza na ya Kijapani.

His House (2020)

Hii ndiyo changa, iko Netflix, na ndiyo ya wanandoa kuliko zote. Bol na Rial ni mke na mume waliokimbia vita Sudan Kusini. Baharini wamempoteza binti, Nyagak. Uingereza wanapewa nyumba chakavu na masharti kibao: msihame, msifanye kazi, msilete matatizo. Usiku kuna vitu ukutani.

Bol anataka kuanza upya. Anaimba na wenyeji nyimbo za mpira, anamwambia mkewe wale mezani kwa uma. Rial anasema chakula kinaonja chuma. Yeye anajua waliyoyaacha baharini hayajawaacha. Mmoja anataka kusahau, mwingine anataka litajwe, na nyumba inawasubiri wote wawili. Remi Weekes aliyeiongoza alipata tuzo ya Bafta ya waanzao mwaka 2021. Ikiisha, muulize mwenzako yeye ni Bol au Rial. Usimjibie wewe.

Sasa, jinsi ya kuziangalia. Msizimalize zote usiku mmoja, mtagombania nani akazime taa ya jikoni. Simu ziwe mbali, watoto wawe wamelala. Akishtuka mwenzako usimcheke, hasa kama ni mwanaume, maana ukimcheka mara moja hatakuonyesha tena anachokiogopa. Na akianza kusema kitu katikati ya muvi, kitu kisichohusiana kabisa na muvi, weka bisi chini na bonyeza kusimamisha. Muvi itakusubiri.

Mwezi ujao tunahamia kwenye pesa: akaunti moja au mbili? Jiandaeni kununiana.