Pikipiki ijaribiwe kwenye mlima wa Nyantende kabla ya pesa kutoka mkononi

Mjini Bukavu, pikipiki nyingi zinauzwa zikiwa zimesimama. Muuzaji anapiga kiki, moteri inanguruma, anavuta gazi mara mbili tatu, na komisioneri aliyemleta mteja anasema: « Mukubwa, sikia mwenyewe! » Mnunuzi anazunguka nayo ndani ya parseli, ao anafika mwisho wa avenyi na kurudi. Halafu dola zinahesabiwa. Kesho yake pikipiki inapakia watu wawili na gunia la makaa kwenye njia ya Nyantende, na ni hapo tu mwenye kuinunua anajua alichonunua.

Hiyo si biashara ndogo. Pikipiki mpya ya kazi, TVS ao Boxer, inapita dola elfu moja, na hata ile iliyokwisha kutumika inameza akiba ya muda mrefu. Nyuma ya dola hizo kuna zamu ya likelemba iliyongojwa mwaka mzima, kuna ng'ombe aliyeuzwa kijijini, kuna mama aliyepunguza mali ya kibanda chake sokoni ili kijana apate kazi. Wengi wa wanunuzi hawatafuti starehe. Ni wamotari ao wazazi wao, na tangu jioni ya kwanza nyumba inangojea makuta. Pikipiki ikilala kwa fundi wiki mbili, chakula na makuta ya shule ya watoto vinalala pamoja nayo.

Ndiyo sababu mahali pa kujaribu pikipiki si boulevard Patrice Lumumba. Pale hata pikipiki mgonjwa inatembea. Mahali pake ni njia inayotoka Essence, inapita Panzi na kuelekea Nyantende, njia hiyo hiyo inayoendelea mpaka Nyangezi, inashuka Ngomo na kufika Kamanyola katika uwanda wa Ruzizi. Ina miinuko, ina kona, ina mawe. Mvua ikinyesha kuna matope, na kiangazi vumbi la malori linafunga macho. Inatosha kufika Nyantende na kurudi. Anayetaka pikipiki ya kufanyia kazi kwenye vilima vya Bushi, kisha akaijaribu kwenye tambarare, amejaribu pikipiki nyingine.

Kuna jambo ambalo karatasi za kiwanda hazimwambii mnunuzi wa Bukavu. Nguvu ya moteri iliyoandikwa pale inahesabiwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na moteri ya kawaida, isiyo na turbo, inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Ni kusema asilimia 15 hivi imekwisha potea kabla abiria hajaketi. Moteri ndogo ya 125, yenye nguvu za farasi kumi ao kumi na moja, inabaki na tisa. Ikiwa pistoni na segma zake zimechoka, hata hizo tisa hazipo, lakini ndani ya parseli hakuna sikio linaloweza kuzihesabu. Mlima unazihesabu.

Jaribio la kweli basi linafanywa na mtu mzima nyuma. Na mtu huyo yupo tayari: ni muuzaji mwenyewe. Akipanda nyuma, pikipiki inapimwa na mzigo, na yeye hana sababu ya kuogopa kwamba mteja atapotea nayo. Shida mbili zinakwisha kwa kiti kimoja.

Mnunuzi afike mapema, aguse moteri kwa mkono kabla ya kitu chochote. Ikiwa ni ya moto, imeamshwa makusudi, kwa sababu moteri iliyochoka inaonyesha ugonjwa wake asubuhi, ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweusi ni mafuta yanayozidi. Kwenye mwinuko, moteri ikipiga kelele zaidi na pikipiki isiongeze mwendo, ambreyaji imekwisha. Vitesi ikijitoa yenyewe, ni lazima kufungua moteri yote, na fundi yeyote wa Kadutu atasema hiyo inagarimu nini. Wakati wa kushuka, ni freni. Freni ya ngoma ikishikwa muda mrefu inapata moto na kulegea. Afadhali mnunuzi aligundue hilo akiwa kwenye kilometa 20 kwa saa, akiwa na vitesi ya pili, kuliko kuligundua Ngomo akiwa na mama na mtoto nyuma.

Siku hizi simu zinaleta hamu nyingine. Vijana wa Bukavu wanaangalia picha za pikipiki kubwa za safari ndefu, zile zilizotengenezwa kwa kukimbia mamia ya kilometa kwenye lami na mizigo pembeni: Yamaha FJR1300, Kawasaki 1400GTR, Honda Pan-European. Zile zilizokwisha tumika Ulaya zinaonekana kuwa za bei rahisi, mpaka mtu ahesabu meli, bandari, ushuru na njia ya kutoka Dar es Salaam ao Mombasa. Mwenye uwezo huo ana haki ya kununua anachopenda. Lakini ajue anachokalia. FJR1300 ina silinda nne, nguvu za farasi zaidi ya 140, na uzito wa karibu kilo 290. TVS ya motari ina takriban kilo 120. Tofauti hiyo ni ya watu wawili wanene.

Watu wengi wanafikiri kujaribu pikipiki ya namna hiyo ni kufungua gazi na kuona inafika wapi. Ni kosa, na kwenye njia ya Nyantende ni kosa linaloweza kuua. Ukiongeza kasi mara mbili, nafasi ya kusimamia inakuwa mara nne, na nafasi hiyo tayari ina watu: wanafunzi wanaotoka masomo, wamama wenye mizigo mgongoni, wamotari wengine, lori linaloonekana tu baada ya kona. Hakuna mteja mwenye haki ya kupima ndoto yake kati yao.

Pikipiki kubwa inajaribiwa polepole, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Je, mguu unafika chini ukisimama kwenye mteremko, upande wenye shimo? Je, mtu mmoja anaweza kuigeuza kwenye njia nyembamba bila kuita vijana wa kusukuma? Nyingi zinaanguka zikiwa karibu zimesimama, na kilo 290 zikianza kulala hakuna mkono unaozizuia. Ikitembea nyuma ya lori kwa mwendo wa mguu, moteri inayopozwa kwa maji inapata moto: feni yake iwake na kuzima, muuzaji asiseme « itawaka baadaye ». Taa ya ABS iwake mwanzoni na kuzima baada ya kuanza kutembea. Ikikataa kuwaka kabisa, huenda mtu ameitoa balbu ili kuficha ugonjwa. Kwenye pine kuna namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine inaweza kuonekana mpya na kuwa imezeeka. Tena kuna swali la mafuta. Moteri hizo zilitengenezwa kwa esanse safi, si kwa ile ya chupa za kadafi ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Mnunuzi aulize pia nani hapa Bukavu ana plaketi za freni zake. Ikiwa jibu ni « zinaagizwa », hilo nalo ni sehemu ya bei.

Wauzaji wa Ulaya na Marekani mara nyingi wanaweka pikipiki ya majaribio. Wanaangalia ruhusa ya kuendesha, mteja anatia sahihi kwamba atalipa sehemu fulani ya garama akiiangusha, halafu anapewa njia na muda. Huko nako hawafanyi hivyo kwa ukarimu. Wanajua mtu hanunui mashine ya bei kubwa kwa sikio, na wanajua karatasi ile inawalinda wenyewe.

Kongo nayo haikosi sheria. Mkataba wa kuuza na kununua bado unasimamiwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyoandikwa wakati Bukavu haijawa mji. Maneno yake ni ya zamani lakini yanamgusa moja kwa moja kijana anayehesabu dola zake leo. Muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika, zile zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Hawajibiki kwa kasoro zilizo wazi, zile ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe. Na mauzo yaliyofanywa kwa sharti la kujaribu yanangojea jaribio: jaribio likikataa, mauzo hayapo.

Hapo ndipo wengi wanapoteza bila kujua. Anayelipa bila kujaribu anajifungia mlango. Kesho akirudi kulalamika kwamba freni haishiki ao ambreyaji inateleza, muuzaji ana jibu rahisi: ungeiona kama ungeitembeza. Jibu hilo lina nguvu hata mbele ya hakimu. Ila anayejaribu mbele ya mashahidi, akaona yote yanayoonekana, halafu moteri ikapasuka siku tatu baadaye kwa ufa uliofichwa na gundi, huyo ana mahali pa kusimama, mradi asikawie kulalamika. Kwa hiyo muuzaji anayesema « lipa kwanza, utajaribu kwako » hatoi masharti madogo. Anamwomba mteja amwachie haki yake bure.

Ni lazima kuwa wa haki kwa wauzaji pia. Hofu yao si ya uongo. Mtu akipewa pikipiki na kukata kona, ni vigumu kumtafuta, na ikianguka, nani atalipa taa, gidoni na hospitali? Tena kuna « wateja » ambao hawana hata dola moja. Wanataka tu kuzunguka Jumapili. Dawa ya hofu hiyo si kukataa jaribio. Mnunuzi aonyeshe pesa, na pesa zikae mkononi mwa mtu wa tatu ambaye wote wawili wanamwamini, chefu wa avenyi kwa mfano ao mzee wa kanisa, si komisioneri, kwa sababu komisioneri anakula tu mauzo yakikamilika. Aonyeshe ruhusa ya kuendesha, ambayo sheria ya barabara namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 inaidai kwa kila dereva wa chombo cha moteri. Asiyejua kuendesha alete motari anayemwamini na kumlipa kwa saa moja. Hakuna haya katika hilo.

Bima ndiyo kidonda kikubwa. Tangu mwaka 1973 sheria inalazimisha kila chombo cha moteri kuwa na bima ya kulipa hasara ya wengine, na sheria ya bima ya mwaka 2015 ilifungua soko ambalo SONAS ilikuwa imelishika peke yake. Lakini pikipiki iliyokwisha kutumika mara nyingi inaletwa sokoni na karatasi ya bima iliyokufa. Ikimgonga mtoto Nyantende wakati wa jaribio, familia tatu zinaingia matatani: ya mtoto, ya mnunuzi na ya muuzaji. Na hata bima ikiwa hai, ile ya lazima inamlipa aliyegongwa. Dereva mwenyewe akivunjika mguu hailipi. Hapo ndugu wanaanza kuchanga, wengine hospitali ya Nyantende, wengine Panzi. Kaske mbili, moja ya dereva na moja ya muuzaji aliye nyuma, zinagarimu kidogo kuliko upasuaji.

Maduka yanayouza pikipiki mpya ndiyo yangepaswa kuanza. Kila moja linaweza kuweka pikipiki moja ya kila aina yenye namba na bima, kwa ajili ya wateja kujaribu, na kuiuza mwisho wa mwaka kwa bei iliyopungua. Hasara yake si kubwa, na duka la kwanza litakalofanya hivyo litapata wamotari wote wa Panzi mlangoni. Vyama vya wamotari navyo, ambavyo vinajua kukusanya michango, vinaweza kumteua fundi mmoja wa kusindikiza wanachama wanaoenda kununua.

Kwa zile za mkono wa pili, karatasi moja ya daftari inatosha, iandikwe mara mbili kabla ya kiki ya kwanza: majina ya wote wawili na ya shahidi, namba ya shasi iliyosomwa kwenye chuma na kulinganishwa na ile ya hati za ushuru, kilometa zilizo kwenye saa, muda wa kuondoka na wa kurudi, njia itakayofuatwa, nani analipa ikianguka, na neno moja kwamba mauzo yanangojea jaribio. Halafu sahihi, na pesa zibaki kwa shahidi mpaka pikipiki irudi kutoka Nyantende.