*TAARIFA YA TAWI: Tukiwafundisha watoto uchaguzi wa haki, tuanze na mchujo wetu*

*Kwa wanachama wote wa tawi, mawakala wa vituo, viongozi wa vijana na viongozi wa akina mama*



Shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Tangu likizo ianze, wazazi kadhaa wameleta swali lile lile kwenye kundi hili: mwanafunzi wa sekondari akiuliza uchaguzi huru na wa haki ni upi, tumjibu nini? Wengine wameandika kwamba watoto wao hawaulizi tena, wanakata kauli: "Kura haina maana, matokeo hupangwa." Wakati huo huo, mbele ya kamati kuna pendekezo kwamba mchujo wetu wa kumpata mgombea wa wadi ufanywe kwa kupanga mlolongo, bila karatasi za kura. Kamati imeyaona mambo haya mawili kuwa jambo moja, na huu ndio msimamo wetu.

*Kwa nini tuzungumze na wanafunzi sasa*

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Wengi wa walio kidato cha nne leo, na baadhi ya wa kidato cha tatu, watakuwa wametimiza miaka 18 kabla ya siku hiyo. Hao ni wapigakura walio na sare za shule.

Mwaka 2022 waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1. Vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya daftari hilo, ingawa mitaani na vijijini ndio wengi. Siku ya kura, zaidi ya milioni 7 ya waliojiandikisha hawakufika debeni. Pengo kati ya mshindi wa urais na aliyemfuata lilikuwa kama kura 233,000. Anayesema kura haina maana mpeni hesabu hiyo, kisha mwacheni aifikirie mwenyewe.

*Huru ni nini, haki ni nini*

Maneno haya mawili huzoea kutembea pamoja hadi watu wakadhani ni kitu kimoja. Uhuru ni wa mpigakura: ajiandikishe bila kuzungushwa, asikilize mgombea yeyote bila kuogopa, achague bila mtu kumchungulia, arudi nyumbani salama. Haki ni ya utaratibu: kila mgombea afuate sheria moja, kila kura ihesabiwe mara moja, na anayesimamia asiwe na upande.

Katiba yetu ya 2010 imeyaweka haya wazi. Ibara ya 81 inataka kura ya siri, uchaguzi usio na vurugu, vitisho wala ufisadi, usimamizi wa chombo huru, na uwazi. Ibara ya 86 inaongeza kwamba njia ya kupiga kura iwe rahisi, sahihi, salama na inayoweza kuthibitishwa, na kwamba kura zihesabiwe na kutangazwa pale pale kituoni. Mwanafunzi akijua ibara hizo mbili, amepata kipimo cha kumpimia kila mwanasiasa, wa chama chetu akiwemo.

*Maswali sita ya kumpa mwanafunzi*

Tusiwakaririshe watoto majibu. Tuwape maswali wanayoweza kuuliza juu ya uchaguzi wowote, hata ule wa kiranja wa shule.

1. *Nani yumo kwenye daftari?* Kila mwenye haki awemo, na asiyestahili asiwemo. Daftari likiharibika, mengine yote yameharibika.

2. *Je, wagombea walipata nafasi sawa?* Ikiwa mmoja anakatazwa uwanja wa mkutano na mwingine anapewa magari ya umma, mbio zimepinda kabla hazijaanza.

3. *Kura ni ya siri kweli?* Mwajiri, mume, mzee wa ukoo au kiongozi wa chama, hata mmoja asiweze kujua umechagua nani usipotaka ajue.

4. *Nani alihesabu, na nani alishuhudia?* Kituoni masanduku huonyeshwa yakiwa matupu asubuhi, kisha hufungwa kwa lakiri mbele ya mawakala. Jioni hufunguliwa na kura kuhesabiwa mbele yao hao hao.

5. *Je, mtu wa kawaida anaweza kukagua hesabu?* Fomu 34A hubandikwa kwenye mlango wa kituo na mawakala hupewa nakala. Mwanafunzi anayejua kujumlisha anaweza kuisoma.

6. *Aliyeshindwa anaweza kwenda wapi?* Malalamiko ya urais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, nayo huamua ndani ya siku 14. Ya viti vingine hufunguliwa mahakamani ndani ya siku 28. Mlango huo ukifungwa, watu hutafuta barabara.

Tuangalie pia lisilo kwenye orodha hii. Hakuna swali linalouliza "Je, tulishinda?" Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila chama huona haki pale kiliposhinda. Mtoto akifundishwa kwamba uchaguzi wa haki ni ule ambao upande wa baba yake ulishinda, hajafundishwa uchaguzi. Amerithishwa ugomvi.

*Waonyesheni 2017 na 2022*

Mifano ya karibu inatosha. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti. Majaji wanne waliunga mkono uamuzi huo na wawili wakaupinga. Wengi walio wengi walibaki na swali: mbona mshindi alikuwa mbele kwa kura nyingi? Jibu ndilo somo lenyewe. Mahakama ilisema uchaguzi haukufanywa kwa kufuata Katiba na sheria, hasa katika kupeleka matokeo. Idadi kubwa ya kura haiwezi kuosha utaratibu uliochafuka.

Lakini tusiishie hapo. Marudio ya tarehe 26 Oktoba yalipofika, mgombea mkuu wa upinzani alikuwa amejiondoa, na waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Mahakama inaweza kufuta uchaguzi mbaya. Haiwezi peke yake kutengeneza ule ambao watu watauamini.

Mwaka 2022 tume iliweka fomu 34A za vituo kwenye mtandao, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mtu azione. Vyombo vya habari na vijana wenye kompyuta walijijumlishia. Bado makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo siku yalipotangazwa, kesi ikapelekwa mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wote wakayaidhinisha matokeo. Katika tawi hili kuna waliofurahia uamuzi wa 2017 na kuumizwa na wa 2022, na kuna walioonja kinyume chake. Sote tuliendelea kuishi mtaa mmoja. Watoto wajue hivyo: asiyekubali kushindwa si mshindani, na anayeshindwa ana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Waelezeni pia gharama ya kukosa mwamuzi. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na mwenyekiti wala makamishna wa kutosha kuendesha uchaguzi. Mbunge wa Banisa alifariki Machi 2023, na wananchi wa huko wakangoja hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 2025 ndipo wapate mwakilishi bungeni. Uchaguzi usiofanyika nao si wa haki.

*Sasa turudi kwetu: mlolongo au karatasi*

Wanaopendekeza mlolongo si watu wabaya, na hoja zao zina uzito. Wanasema karatasi ni gharama. Wanasema mlolongo ni wa wazi, kila mtu anajihesabia kwa macho, na hakuna sanduku la kujazwa gizani. Wanasema sisi ni ndugu, tunaficha nini?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1988. Wakati wa mchujo wa chama kimoja, wapigakura walijipanga nyuma ya wagombea au picha zao mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda moja kwa moja bila kwenda kwenye kura ya siri. Mahali pengi watu waliona mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Uwazi wa macho haukuwasaidia, kwa kuwa mstari ukishavunjika hakuna kinachobaki cha kuhesabiwa tena. Karatasi hubaki. Fomu iliyotiwa sahihi hubaki.

Kubwa zaidi ni hofu. Mama anayeuza mboga kwenye kibanda cha mgombea atasimama nyuma ya nani? Kijana aliyeahidiwa kazi ya mjengo na mpambe wa mgombea atasimama wapi? Mwanachama anayedaiwa? Kwenye mlolongo wote hao wanaonekana, na kesho wanalipia. Undugu wetu ndio sababu ya kura kuwa ya siri, ili tuchague tofauti na bado tusalimiane.

Kwa hiyo kamati inapendekeza *kura ya siri kwa karatasi*, na gharama yake si ya kutisha: sanduku lenye kufuli, karatasi zilizopigwa muhuri wa tawi, kona iliyozungushiwa leso, na kalamu. Mkutano mkuu wa wanachama ndio utakaoamua, na hata huo utaamua kwa karatasi.

*Tunayowaomba mfanye*

✅ *Daftari.* Orodha ya wanachama itabandikwa kwenye ofisi ya tawi kabla ya mkutano. Njooni mjisome. Aliyeachwa aseme, na jina la asiyekuwepo tena liondolewe.

✅ *Mawakala.* Kila anayetaka kugombea alete wakala mmoja wa kushuhudia kuhesabiwa kwa kura. Matokeo yataandikwa, yatatiwa sahihi na kubandikwa mlangoni. Wakala akikataa kutia sahihi, sababu yake iandikwe.

✅ *Fedha.* Hatutaki noti, unga wala kofia siku ya mchujo. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika anayehonga mpigakura na mpigakura anayepokea. Sisi tusingoje polisi watufundishe.

✅ *Wanafunzi.* Shule si uwanja wa kampeni. Mwanachama asimvishe mwanafunzi fulana ya chama, asimbebeshe bango, wala asimtume kurusha jiwe. Zungumzeni nao nyumbani, kanisani, msikitini na kwenye vikundi vyao, na mkizungumza wekeni rangi za chama kando.

✅ *Waje waone.* Tunapendekeza wanafunzi wa sekondari waalikwe kutazama kura zetu zikihesabiwa. Watakaa upande wao, hawatapiga kura wala kushangilia. Wapewe maswali yale sita na watusahihishe kama wanavyosahihishwa shuleni.

✅ *Kitambulisho.* Mzazi mwenye mtoto anayetimiza miaka 18, mpeleke akaombe kitambulisho mapema, kisha ajiandikishe kabla daftari halijafungwa. Akishajiandikisha, kura yake ni yake. Usimuulize.

Ndugu wanachama, udongo uwahi ungali maji. Kijana anayesema matokeo hupangwa hatashawishiwa na hotuba. Atashawishiwa akiona watu wazima anaowajua, wenye uchu wa ushindi kama watu wote, wakifungua sanduku mbele yake, wakihesabu kwa sauti, na aliyeshindwa akimpa mkono aliyeshinda. Tukiweza hivyo kwa kiti cha wadi, tutakuwa na uso wa kuwadai wakubwa wafanye hivyo kwa kiti cha urais.

Tarehe na mahali pa mkutano vitatangazwa kwenye kundi hili. Maoni yapelekwe kwa katibu. Tusitukanane hapa kundini, na taarifa hii isambazwe kwa wanachama wasio na simu za intaneti kwa kusomewa.



*Imetolewa na Kamati ya Tawi*