Kupe Halisi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo havikupata kukutana malishoni. Kupe wa kwanza ni yule mdudu anayejichimbia katika ngozi ya ng'ombe wa Usukuma, akanyonya mpaka akavimba. Kupe ya pili ni gari la milango miwili, lenye paa linaloinama kuelekea nyuma. Jina lake limetoka Ufaransa, na maana yake ni kilichokatwa. Ulimi wa Mswahili umeyakutanisha majina hayo, na wenye kejeli wamefurahi. Akitokea mtu wa Mwanza akanunua kupe ya Kitaliano iliyokwisha kutumika miaka ishirini na ushei, Alfa Romeo GTV au Fiat Coupé, baraza humkatia hukumu kabla hajalifikisha kwake Capri Point au Nyegezi: kajinunulia mdudu, na ng'ombe ni yeye mwenyewe.

Neno hilo lina historia nzito. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe alikuwa yule aliyeishi kwa jasho la mwenziwe, na wenye Mercedes-Benz waliitwa wabenzi. Basi anayelitupa neno hilo juu ya gari kuukuu hafanyi mzaha mtupu, anahukumu maadili. Hukumu ya maadili inataka ushahidi, na katika kesi hii ushahidi umebandikwa kwa asiye na hatia.

Mashitaka yenyewe si ya uongo. Gari la namna hiyo likishushwa bandarini Dar es Salaam hukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa wa ziada ambao, kwa gari lililopita miaka kumi, umekuwa asilimia 30. Kisha ina safari ya zaidi ya kilomita 1,100 mpaka ziwani. Ikifika, tumbo lake li karibu mno na ardhi kwa njia za mawe zipandazo vilima vya jiji hilo. Maduka ya spea yamejaa vya Toyota. Cha Alfa huagizwa ng'ambo na kungojwa. Mkanda wa taimingi wa injini za Twin Spark, ambao kiwanda kiliwahi kuuhesabia zaidi ya kilomita 100,000, ulikuja kuamriwa ubadilishwe kila baada ya kilomita 60,000 hivi. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini huwa chuma cha kupimwa kwa kilo. Katika Fiat Coupé ya silinda tano, mafundi hushusha injini nzima ili waufikie mkanda huo mmoja.

Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalothibitisha kwamba gari ni ovu. Yanathibitisha kwamba gari lina haki zake. Wanaosema kwamba kupe ya Kitaliano haikuumbiwa ardhi ya Afrika Mashariki wamesahau mbio za Safari za mwaka 1975 nchini Kenya, ambapo Lancia Stratos mbili, kupe fupi za chini kabisa, zilishika nafasi ya pili na ya tatu, zikitanguliwa na Peugeot 504 peke yake. Tope na vumbi havikuzihurumia. Zilifika kwa sababu njia nzima zilikuwa na mafundi waliozingojea, wenye spea mkononi na wanaojua wanachokishika.

Watu wa ufukweni mwa ziwa wamelijua somo hili kwa machungu. MV Bukoba iliundwa mwaka 1979. Tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na kuikaribia Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, ilipinduka na kuzama, na mamia walikufa. Ilikuwa na umri wa miaka 17 tu. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikwisha kusimamishwa kwa miaka kadhaa; ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi kwenye njia ileile ya Mwanza na Bukoba kwa jina la New Victoria. Mkubwa anasafiri, mdogo yuko chini ya maji. Ni nani basi atakayesema kwamba umri ndio hatari? Mvuvi wa Igombe anayenunua mtumbwi haulizi ulichongwa mwaka gani. Huuliza ulitiwa kalafati lini.

Kupe halisi, basi, atafutwe penye damu. Ni yule mnunuzi aliyesoma bei asisome wajibu. Alilipenda gari kwa rangi yake nyekundu na kwa macho ya watu; mkanda hakuuliza, daftari la matengenezo hakulifungua. Injini ikianza kulia, hulipeleka gereji kwa fundi wa chini ya mwembe, akaamuru: lifanye litembee. Fundi huunga waya, hulazimisha kifaa cha gari jingine, huambiwa malipo ni kesho. Kesho haifiki. Gari hukaa pale misimu miwili ya mvua, taa zikachomolewa, viti vikawa vya kuku. Hapo mwenyewe hutangaza barazani kwamba Mtaliano hana maana, kisha hulipiga rangi na kumtafuta dalali ili amuuzie mwingine. Amelinyonya gari, amemnyonya fundi, na sasa anamnyonya mnunuzi wa pili. Huyo ndiye kupe, hata akipanda Toyota mpya kesho yake.

Kinyume chake, gari hilohilo mikononi mwa mwenye kulipa ni darasa. Kijana aliyefundishwa kuzifunga kamshafti kwa vyuma vyake maalumu, akaweka taimingi bila kubahatisha, amepata elimu isiyoporwa. Bei ya gari jipya huvuka bahari yote. Ujira wa kazi ya kulitunza kuukuu hulala Nyakato na Igoma, ukanunua unga na madaftari ya shule.

Na sheria nayo ijitazame. Serikali ina haki ya kukataa nchi isigeuzwe jalala la vyuma vya wengine. Lakini ushuru unaohesabu miaka peke yake huliadhibu gari la miaka kumi na miwili lililotunzwa, na kulipitisha kwa nafuu la miaka saba lililodhulumiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Forodha ilifungue daftari hilo, iangalie breki na mkanda, ndipo ipime.

Wasomaji wa visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Beit el Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na roho zikapotea. Nyufa zake zilikuwa zimeonekana na kila mpita Forodhani miaka mingi kabla. Jumba halikudai kuwa jipya. Lilidai haki yake kwa wakati wake.

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Asiyemudu bei ya mkanda asinunue gari, wala asione haya kupanda daladala. Ni uungwana kuliko kuua kizuri kwa ubahili. Na aliyeulipia mkanda, akamlipa fundi siku ileile, akaandika daftarini, akipita jioni kandokando ya ziwa katika kupe yake yenye miaka ishirini na mitano, baraza imwache apite. Hana cha mtu tumboni.