Sime Isitengwe na Ala Yake

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, mila haiachwi kwa siku moja. Huachwa kidogo kidogo, na wakati mwingine huachwa kwa kuuzwa. Chukulia boma moja la Mumbuni, viungani mwa mji wa Machakos, ambamo sime ya babu imesahauliwa chini ya kitanda. Siku moja hutokea mnunuzi wa vitu vya kale. Huichomoa sime, akalipapasa bapa, akataja bei. Ala ya ngozi iliyopasuka huiweka kando kana kwamba ni takataka. Makala haya yanashikilia kwamba kilichowekwa kando ndicho chenye ushahidi mkubwa zaidi.

Ifahamike kwamba sime ni silaha fupi yenye makali kuwili, nyembamba karibu na mpini na pana kuelekea nchani. Wamaasai, Wakikuyu na Wakamba, miongoni mwa wengine, waliitumia. Mkamba alisifika zaidi kwa upinde na mshale wa sumu. Sime ilingoja kiunoni hadi adui alipokaribia. Ala yake ilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizofunikwa kwa ngozi mbichi, ikashonwa ingali na unyevu ili ikikauka ibane. Aghalabu ngozi hiyo ilipakwa rangi nyekundu, kisha ikatiwa ukanda wa kufungia kiunoni.

Kwa nini basi ala ithaminiwe kuliko chuma? Kwa sababu chuma husafiri. Hapo kale wahunzi waliyeyusha mchanga wenye madini ya chuma. Baadaye wakafua chuma kilicholetwa na biashara, na hatimaye springi za magari makuukuu. Katika karne ya 20, kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, Uingereza, ilitengeneza viwandani sime za kuuzwa Afrika Mashariki, zikiwa na chapa ya mamba. Kwa hivyo, bapa linalosifiwa kuwa la jadi huenda lilitoka ng'ambo. Ngozi nayo ilikatwa na kushonwa papa hapa. Penye kiraka, pana mtu aliyeamua kwamba sime hiyo ingali ya kutunzwa.

Wapo watakaodai kwamba sheria inatosha kulinda turathi hizi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa cha kale kifaa kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Sime iliyofuliwa mwaka wa 1920 haimo katika fasili hiyo. Isitoshe, mradi wa kimataifa ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya ulikuwa, kufikia mwaka wa 2021, umeorodhesha vifaa 32,321 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Orodha hiyo ni hatua kubwa, lakini orodha haiwezi kurejesha simulizi ambazo hazikuwahi kuandikwa.

Wapo pia watakaouliza: mwenye sime atalipaje karo ya wanawe? Hoja hii ni nzito, na msomi hana haki ya kumkaripia mzazi kwa kuuza chuma chenye kutu. La msingi si kwamba asiuze, bali asiuze kabla ya kusimulia.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Kiswahili kina maneno ala na uo kwa kifuko kile kile cha silaha. Kina upanga, sime, kitara, hanjari na jambia. Lakini katika magazeti, sime hutajwa zaidi katika habari za uvamizi na mauaji. Neno nalo limechomolewa alani mwake: limebaki na makali, limepoteza mshonaji, mvaaji na mrithi. Kamusi hufafanua makali ya sime, lakini maneno ya ushonaji wa ala ni haba. Wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo wanayo maneno yake kwa Kikamba. Yakikusanywa, Kiswahili kinaweza kuyakopa kama kilivyokopa jambia kutoka Kiarabu.

Kwa mintarafu hii, vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kutoka kwenye kumbi za makongamano. Likizo moja, daftari na kinasa sauti vinatosha kuanzia. Mwanafunzi atokaye Mumbuni na aanze nyumbani kwao: apige picha ya sime ikiwa ndani ya ala, aandike jina la kila sehemu, jina la aliyeishona, na kisa cha kila kiraka. Ikiwa sime hiyo ni lazima iuzwe, basi iende na ala yake. Na simulizi yake ibaki Mumbuni.